Mwanangu wa kiume anabeba mdoli mgongoni na kuchora ukutani: nimkataze?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tabata, Dar es Salaam, katika nyumba ya kupanga ambayo uwanja wake tunautumia pamoja na familia nyingine tatu. Kazi yangu ni ushonaji. Cherehani yangu nimeiweka barazani, na hapo ndipo ninapokaa tangu saa mbili asubuhi hadi jua linapozama, isipokuwa ninapoinuka kupika au kumnyonyesha mdogo, ambaye sasa ana miezi mitano. Mume wangu ni dereva wa lori la mizigo linalokwenda Tunduma, kwa hiyo hukaa nyumbani siku mbili tatu kisha huondoka tena kwa wiki nzima au zaidi. Tunaishi pia na mama mkwe, ambaye ndiye anayenisaidia kumwangalia mkubwa, kijana wa miaka minne na miezi mitatu.

Huyo mkubwa ndiye aliyenifanya nikuandikie. Tangu mdogo wake alipozaliwa, ameshika mchezo mmoja ambao hauachi. Aliokota vipande vya vitambaa chini ya meza yangu, akaniomba nimfungie kwa uzi, kikatoka kitu chenye kichwa na kiwiliwili, basi huyo akawa mtoto wake. Humbeba mgongoni kwa kipande cha khanga kama mimi ninavyombeba mdogo, humlaza, humwogesha kwenye kopo, kisha hukaa nyuma ya nyumba na watoto wa wapangaji wenzetu wakajipikilisha kwa vifuniko vya ndoo, mchanga na majani ya mwarobaini. Wiki mbili zilizopita mchanga haukumtosha. Aliingia jikoni, akachukua unga wa ngano wa chapati, karibu robo kilo, akauvuruga kwa maji kuanzia jikoni hadi mlangoni. Nilimchapa, nikajuta baadaye.

Mama mkwe hapendezwi kabisa. Anasema mtoto wa kiume anayepika na kubeba mdoli anaharibika, na kwamba enzi zao wavulana walicheza chandimu na kuunda magari. Alimweleza mume wangu kwa simu, naye alipofika safari iliyopita alikirusha kile kitoto cha vitambaa juu ya bati, akamwachia mwanawe simu yake ya zamani iliyojaa katuni, akisema angalau hicho ni kitu cha maana. Sasa simu hiyo ndiyo dawa ya nyumba nzima. Bibi akitaka kujinyoosha mchana humpa, nami nikiwa na nguo za wateja za haraka humpa. Ikizimwa hulia hadi wapangaji wenzetu hutoka kuuliza kuna nini.

Jumamosi alichukua kipande cha mkaa akachora kwenye ukuta wa barazani, ambao mwenye nyumba aliupaka rangi mwezi uliopita tu. Alichora duara kubwa lenye miguu miwili, na pembeni duara jingine dogo. Nilipomuuliza alijibu kwamba kubwa ni mimi, na dogo ni gurudumu la cherehani. Mwenye nyumba anataka nilipie rangi.

Lipo jambo lililonikaa moyoni kuliko hayo yote. Kabla mdoli haujatupwa, nilimsikia akiupigapiga mgongoni kama mtu anayebembeleza, akisema, "Nyamaza, mama yako ana kazi ya watu." Ulipokuwa hauridhiki kunyamaza, kwa jinsi alivyoona yeye, akauchapa kofi. Shangazi, maneno hayo ni yangu.

Je, nimkataze michezo hii? Nimnunulie vitu vya kuchezea vya dukani? Muda wa kukaa chini nikacheza sina, na kusema kweli hata nikiupata sijui nicheze nini.

Mama wa watoto wawili, Tabata

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilianzia mwisho, kwa sababu ile sentensi ya kazi ya watu ndiyo iliyobeba mzigo wote. Ukuta, unga na simu vimening'inia hapo. Naona umeichukua kama hukumu dhidi yako. Mimi sikuisoma hivyo. Mtoto wa miaka minne hana maneno ya kukuambia kwamba nyumbani ameingia mgeni aliyeuchukua mgongo uliokuwa wake, na kwamba mama yupo hatua tatu kutoka alipo lakini hafikiki. Alichonacho ni vitambaa na uzi. Basi anajifanya wewe, anamfanya mdoli kuwa yeye, na anaupitia mkasa huo mara ishirini kwa siku mpaka uanze kumwelea. Zingatia pia kwamba kabla ya kofi alibembeleza, na mkono ule wa kupigapiga mgongoni nao ameutoa kwako.

Kwa hiyo siku nyingine ukimkuta akimchapa mtoto wake, usimkaripie wala usimpe mawaidha. Mwendee karibu, uulize kama jirani anayepita: "Mtoto wako analilia nini leo? Ana njaa, au anataka kubebwa?" Kisha nyamaza, umwache afikiri, maana watu wazima tuna haraka ya kujijibu maswali yetu wenyewe. Akikujibu kwamba anataka kubebwa, utakuwa umeshajua ni nani anayetaka kubebwa, na hata kama ana uzito wake, mfunge mgongoni kwa khanga umzungushe uwanjani mara moja. Hatazoea vibaya kwa hilo.

Sasa nije kwenye hofu ya mama mkwe na mumeo, ambayo siidharau, kwa sababu imetoka kwa watu wanaompenda kijana. Mimi nilikulia kijijini upande wa Muheza, ambako mdoli wetu ulikuwa gunzi la mahindi mabichi ambalo bado lina nywele zake, tukazisuka hadi zikanyauka. Tulipojipikilisha, wavulana walikuwepo. Mmoja alikuwa baba anayerudi kazini na kukuta chakula, mwingine muuza samaki, mwingine mgeni aliyekuja na habari za msiba. Siku mama mkwe ameketi vizuri na chai yake, muulize kwa adabu zote, enzi zao katika mchezo wa baba na mama, baba alikuwa nani? Huenda akacheka kabla ya kujibu, na hapo mazungumzo yatakuwa yameanzia mahali pazuri kuliko kwenye ubishi.

Kuhusu mumeo, hoja yake iko ndani ya lori lake mwenyewe. Madereva wa masafa marefu wanajulikana kwa jiko dogo na sufuria wanavyosafiri navyo, na ugali wanaousonga kando ya gari foleni ya mpakani inapolala. Nenda jioni yoyote kwenye vibanda vya chipsi vya mtaani kwenu utazame ni nani anayegeuza mayai kwenye kikaango. Angalia wapishi wa pilau za harusi wenye masufuria ya kuingia mtu mzima. Hata wewe, wenzako wengi wenye cherehani kwenye mabaraza ya mji huu ni wanaume. Kijana anayepika mchanga anajifunza kwamba chakula hutoka kwenye kazi ya mtu, na kijana anayebeba mdoli anajifunza kumshika mdogo wake bila kumwangusha. Mimi sijaona kilichoharibika hapo.

Ila usimshinde mumeo kwa maneno, mpe nafasi. Aliporusha mdoli juu ya bati alitaka mwanawe awe na kitu kinachofanana naye, na jambo hilo anaweza kulipata bila simu. Safari ijayo akirudi, wekeni tayari boksi la biskuti, visoda, kipande cha kandambili chakavu na vijiti viwili. Baba akate magurudumu kutoka kwenye ile kandambili, jambo ambalo nina hakika mikono yake bado inalikumbuka, kijana achomeke vijiti, na lori la Tunduma liundwe pale pale barazani. Kisha lori litahitaji dereva, dereva atahitaji kula njiani, na nani atampikia kama si yeye mwenyewe? Mdoli nao uende safari. Napenda pia baba ndiye aupande juu ya bati kuuteremsha. Kama mvua imeshauharibu, ushone mwingine na mwanao, yeye achague kitambaa hata kama kitakuwa cha rangi usizozitaka.

Swali lako la kununua vitu vya dukani nalijibu kwa kifupi: hapana, si kwa sasa. Gari la plastiki linalolia king'ora lina mchezo mmoja tu ndani yake, na likiisha betri umebaki na deni. Kifuniko cha ndoo hutumika kama chungu asubuhi, usukani mchana, na jioni kikawa sinia la wageni. Mtoto wako tayari anajua kufanya hayo, na wewe umeyaandika mwenyewe kama malalamiko.

Tuje kwenye uchafu, kwa sababu nadhani humo ndimo ugomvi wa nyumba yenu unamoishi. Ukichunguza, mama mkwe analalamikia mdoli, lakini anayefagia mchanga na kufuta unga mlangoni ni nani? Mgongo unaoinama ni wake. Kwa hiyo wekeni mahali na saa. Mahali pawe kipande kimoja cha uwanja nyuma ya nyumba, kwa makubaliano na wapangaji wenzenu, chenye beseni kuukuu, vifuniko vyake, kopo na mfuko wa mchanga. Saa iwe kuanzia kama saa kumi jua linapopunguza makali, ili mchezo uishie moja kwa moja kwenye kuoga, na asichafuke mtoto ambaye ameshavalishwa za usiku. Akimaliza, yeye mwenyewe arudishe vyombo ndani ya beseni na afagie kwa kifagio chake kidogo cha chelewa. Hatafagia vizuri. Utakuta amehamisha mchanga kutoka kushoto kwenda kulia, na bibi atashawishika kumnyang'anya ufagio. Mwombe asifanye hivyo.

Unga wa chapati usiguswe, na hilo alijue waziwazi, kwa sababu kucheza na chakula cha nyumba ni jambo ambalo hata mimi lingenitoa jasho. Lakini alichokuwa akikitafuta jikoni ni kitu kinachofinyangika, na mchanga mkavu haufinyangiki. Mtafutie pumba kidogo kutoka kwenye mashine ya kusaga, au unga ulioingia wadudu ambao ungeutupa, uukande kwa maji na chumvi nyingi ili asishawishike kuula. Siku moja keti naye akusukumie chapati zake huku wewe ukisukuma zako. Kama za kwako zitatoka mviringo na za kwake zitatoka na umbo la Ziwa Tanganyika, zipokee hivyo hivyo, uulize bei.

Hapo nimeshaingia kwenye muda, ambao umesema huna. Nakuamini. Sitakuambia uache kazi inayolipa kodi ukacheze kombolela. Nakuomba dakika kumi na tano, kila siku, na ziwe na alama anayoweza kuiona kwa macho: ukiifunika cherehani kwa kitambaa chake, yeye ajue kwamba muda huo ni wake. Mdogo akae na bibi. Katika dakika hizo yeye ndiye anayepanga mchezo. Akikuambia wewe ni abiria, kaa. Akikuambia umelala, lala, na huenda hilo likawa pumziko lako pekee la siku. Usigeuze mchezo kuwa darasa la kuhesabu vifungo na kutaja rangi, kwa maana mtoto hugundua upesi kwamba mama amekuja na mtihani. Ukishindwa kujua la kufanya, taja tu unachokiona: "Naona umempa mgeni maji kwanza." Hiyo inatosha, naye ataendelea. Muda ukiisha, mwambie kwamba baada ya safari moja ya mwisho utaifunua cherehani. Siku za mwanzo atalia.

Katika saa zilizobaki, mruhusu akae karibu na kazi yako badala ya kumfukuza. Awe na mfuko wake wa vipande, avipange vya maua huku na vya mistari kule, awapokee wateja na "karibu". Hapo hata neno lako la kazi ya watu litabadilika sura, kwa kuwa naye atakuwa na kazi ya watu. Lakini vifungo na pini viingie kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, mkasi na sindano viwe juu, na jambo hili ulianze leo, usisubiri: mdogo ana miezi mitano, na baada ya muda si mrefu atakuwa akitambaa na kuokota kila kitu kutia mdomoni. Ndoo ya maji ya kujipikilishia iwe na mtu mzima karibu kisha imwagwe, kwa kuwa mtoto mdogo huweza kuzama hata kwenye maji ya kina kifupi tu. Mkaa wa kuchorea uwe ule baridi anaopewa mkononi, asijichotee jikoni. Na kama mafuta ya taa mnayaweka kwenye chupa ya soda, tafadhali yahamishieni kwenye chombo kingine kabla hujamaliza kusoma barua hii, kwa sababu anayejipikilisha atatafuta kinywaji cha wageni.

Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya mchanga, na dawa ya minyoo apewe kila baada ya miezi sita kama wanavyoelekeza kliniki.

Kuhusu simu, sina ugomvi na katuni, nina ugomvi na saa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2019 unasema mtoto wa miaka mitatu hadi minne asikae mbele ya skrini zaidi ya saa 1 kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Kwamba apate angalau dakika 180 za kuuchangamsha mwili katika siku nzima. Na kwamba alale saa 10 hadi 13, usingizi wa mchana ukiwemo. Ukizijumlisha saa hizo utaona simu haikuachiwa nafasi kubwa. Mpeni wakati mmoja unaojulikana, kwa mfano bibi anapojinyoosha baada ya chakula cha mchana, na mwisho wake uwe mwisho wa katuni fulani, kwa kuwa dakika mtoto hazioni. Ikizimwa, akute beseni lake linamsubiri. Kumpigia baba aliyeko njiani sikuhesabu humo. Aongee naye atakavyo.

Nikukumbushe pia kwamba huombi upendeleo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 8, inapotaja mambo ambayo mzazi anapaswa kumpatia mtoto, inaweka haki ya kucheza na kupumzika katika orodha ileile yenye chakula, mavazi, malazi na matibabu. Nimekuandikia hili wewe ulijue. Usimsomee mama mkwe vifungu vya sheria, utaharibu chai yote niliyokutuma ukainywe naye. Kwake peleka ombi, tena ombi la kweli: awe na zamu ya hadithi baada ya chakula cha usiku. Yeye aseme "hadithi, hadithi", na kijana ajibu "hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea". Usishangae kesho yake ukimwona sungura au fisi wa bibi akipanda lori la Tunduma pamoja na mdoli.

Umebaki ukuta. Rangi ya mwenye nyumba uilipe, na mwende pamoja mkamwombe radhi, wewe na kijana, kwa sababu ukuta ni wa mtu, na hilo halibadiliki eti kwa kuwa mchoraji ni mdogo. Mwambie kwa maneno machache: ukuta si wetu, boksi ni lako. Kisha liombe dukani boksi kubwa, la friji likipatikana, lipasue, ulisimamishe barazani usawa wa macho yake, na kipande cha mkaa baridi kifungwe kwa kamba pembeni. Likijaa, geuza upande wa pili. Akikuita uone alichochora usianze na "hiki ni nini?", maana swali hilo humwambia mtoto kwamba hakieleweki; mwambie akusimulie. Kwa umri wake watoto wengi humchora mtu kama kichwa kilichoota miguu, bila tumbo wala kifua, na huyo wa kwako amekwenda mbele zaidi, akakuongezea na gurudumu.

Na kabla fundi hajaja kupaka, kipige picha kile kimchoro kwa simu hiyohiyo ya katuni, umtumie baba yake huko njiani.

Shangazi